Mbolea Moja, Udongo Tofauti: Mpunga wa Mwea na Swali la Ufanisi wa Mbolea

Utangulizi

Mkaazi wa Kayole, Umoja au Donholm anaujua udongo mweusi hata kama hajawahi kushika jembe. Wakati wa masika udongo huo hunata viatuni mpaka mtu akatembea kana kwamba amefungwa mawe miguuni. Kiangazi kikiwadia hukauka na kupasuka nyufa, na kuta za nyumba zilizojengwa juu yake bila msingi wa kutosha hupasuka pamoja nao. Upande wa magharibi wa jiji ardhi imeinuka, udongo ni mwekundu, na maji ya mvua huzama upesi. Upande wetu wa Eastlands ni uwanda, na maji yakishafika hayana haraka ya kuondoka.

Tumeanzia hapa kwa sababu udongo huu unaotutesa mitaani ni ndugu wa ule unaozaa mchele wa pishori huko Mwea, katika Kaunti ya Kirinyaga, kilomita zipatazo 100 kaskazini mashariki mwa Nairobi. Sifa zinazopasua kuta zetu, yaani kufura unyevu ukiingia, kuyashika maji na kukataa kuyapitisha, ndizo zinazoufaa mpunga. Makala haya yanadhamiria kujibu swali moja: kwa nini mfuko ule ule wa mbolea, wenye kilo 50 zile zile, humletea mkulima mmoja mavuno mazuri na mwingine hasara, hali wote wawili wameutia katika ekari moja ya mpunga?

Huenda msomaji akashangaa swali la namna hii linatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu letu ni kwamba kwa kiasi kikubwa ni swali la maelezo. Mkulima hupewa tarakimu, "mifuko miwili kwa ekari", bila kuelezwa mbolea huenda wapi ikishaanguka. Wataalamu wanalijua jambo hili vyema, lakini ujuzi wao umeandikwa kwa lugha ambayo si wakulima wengi wanaoisoma kwa raha. Kiswahili kina msamiati wa kutosha kulieleza, na tutajaribu kuutumia.

Ufanisi wa mbolea ni nini?

Lugha yetu ni tajiri katika uwanja huu: mmea na nafaka yenye maganda ni mpunga, ikikobolewa ni mchele, ikipikwa ni wali, na vipande vilivyovunjika kinuni ni chenga. Shamba lililozungushiwa matuta ili lishike maji ni jaruba. Mbolea nayo hugawanywa kwa kazi yake: ya kupandia na ya kukuzia. Utajiri huo unapungua tunapofika kwenye ufanisi. Kwa neno hilo tunamaanisha sehemu ya kirutubishi ambayo mmea umeichukua kweli, ikilinganishwa na kiasi kilichotiwa shambani.

Tuchukue naitrojeni, kirutubishi ambacho mpunga hukihitaji kwa wingi. Yurea ina asilimia 46 ya naitrojeni, hivyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23. Salfeti ya amonia, ambayo wakulima wa Mwea wameizoea kwa miaka mingi, ina asilimia 21, yaani kilo 10.5 kwa mfuko. Katika majaruba yenye maji ya kutuama, ni jambo la kawaida mpunga kuchukua asilimia 30 hadi 40 tu ya naitrojeni iliyotiwa. Kwa mfuko wa yurea basi, kati ya kilo 7 na 9 ndizo zinazoingia katika mmea. Zilizosalia hushikwa na udongo, huzama, huchukuliwa na maji au hupaa hewani. Ni kipi kati ya hivyo kitakachotokea? Hilo huamuliwa kwanza na udongo, kisha na maji juu ya udongo huo, kisha na mwinuko wa mahali.

Udongo unaoshika na udongo unaoachilia

Chembe za udongo wa mfinyanzi ni ndogo mno, na zina chaji hasi. Naitrojeni iliyo katika umbo la amoniamu ina chaji chanya, kwa hiyo hunaswa na chembe hizo na kukaa karibu na mizizi hadi itakapohitajika. Naitrojeni iliyo katika umbo la naitreti ina chaji hasi. Hiyo haishikwi na udongo, nayo hufuata maji popote yaendapo. Tofauti hii ndogo ya chaji ndiyo msingi wa takriban kila jambo litakalofuata katika makala haya.

Udongo mweusi wa Mwea una mfinyanzi wa aina inayofura, wenye tabaka nyembambanyembamba ambazo hufunguka maji yakiingia. Uso wa ndani wa tabaka hizo huongeza sana nafasi za kunasia amoniamu. Zaidi ya hayo, ukishavurugwa majini (wakulima wa Tanzania husema kuchavanga), matundu yake huziba na maji hayashuki kwa urahisi. Mkulima mwenye jaruba la namna hii ana ghala chini ya miguu yake.

Udongo mwekundu unaopatikana kwenye sehemu zilizoinuka za eneo hilo hilo una tabia nyingine. Mfinyanzi wake haufuri, nafasi zake za kunasia amoniamu ni chache, na maji hupita. Ndiyo maana ardhi hiyo huwafaa zaidi wakulima wa nyanya, mahindi na maharagwe. Anayelima mpunga juu yake hulazimika kuongeza maji kila mara, na kila maji yashukapo huteremka na sehemu ya mbolea. Vilevile, udongo mwekundu una oksidi nyingi za chuma ambazo huishika fosforasi kwa nguvu kiasi kwamba mizizi hushindwa kuipokonya. Kwa hivyo, udongo huo huo huachilia naitrojeni ambayo ungetaka ishikwe, na hushika fosforasi ambayo ungetaka iachiliwe.

Udongo wa kichanga ni rahisi kuueleza. Haushiki wala hauzuii. Anayelima juu yake akitia mbolea yote kwa siku moja, mvua moja kubwa yaweza kuishusha chini ya mizizi. Tiba yake ni kuigawa mbolea katika vipimo vidogo vidogo na kuongeza mboji.

Maji yaliyotuama

Jaruba likijaa maji, oksijeni haifiki tena ardhini ila katika utando mwembamba wa juu, milimita chache tu. Chini ya utando huo kuna tope lisilo na hewa. Kati ya sehemu hizi mbili ndipo mbolea nyingi hupotelea.

Mkulima akirusha yurea juu ya maji, vimeng'enya vilivyomo huigeuza kuwa amoniamu katika muda wa siku chache. Mchana, mwani ulio ndani ya maji hutumia jua kujitengenezea chakula, huondoa kaboni dioksidi, na maji huelekea kuwa na ualikali. Katika maji ya namna hiyo, amoniamu hugeuka amonia, ambayo ni gesi, ikapaa. Wakati ambapo jua ni kali na mpunga ungali mdogo, haujaweza kuyatia maji kivuli, ndipo hasara hii huwa kubwa. Mkulima haoni chochote. Hakuna moshi wala harufu ya kumshtua, na mbolea imekwenda.

Amoniamu iliyobaki katika utando wa juu wenye oksijeni hugeuzwa na bakteria kuwa naitreti. Naitreti, kwa kuwa haishikwi, huteremka kwenye tope lisilo na hewa, na huko bakteria wengine huinyang'anya oksijeni yake na kuigeuza kuwa gesi ya naitrojeni. Hii ndiyo sababu mbolea ya CAN, ambayo imelifaa hindi miaka mingi nchini Kenya, haifai kutiwa katika jaruba lililojaa maji. Nusu ya naitrojeni yake tayari ni naitreti. Mkulima anayeitumia kwa vile ndiyo iliyokuwepo dukani anaanza kuhesabu hasara kabla hajafika nyumbani.

Si kila kitokacho katika maji ya kutuama ni hasara. Tope likikosa hewa, oksidi za chuma hubadilika na kuiachilia fosforasi iliyokuwa imefungwa. Ndiyo maana mpunga wa majini huweza kuipata fosforasi ambayo mahindi katika udongo ule ule yangeikosa. Zinki, kinyume chake, hupungua upatikanaji wake, hasa katika udongo wenye ualikali. Mwaka 1966 mtaalamu Y. L. Nene alionyesha huko Pantnagar, India, kwamba ugonjwa wa mpunga uliokuwa ukiwahangaisha wakulima ulitokana na ukosefu wa zinki wala si kijidudu. Mpunga ukionyesha madoa ya rangi ya kutu na kudumaa wiki chache baada ya kupandikizwa, kuuongezea yurea ni kumpa mgonjwa dawa ya maradhi mengine.

Yafuatayo basi yanaeleweka. Mbolea ya kupandia ichanganywe na tope wakati wa uvurugaji wa mwisho, ili amoniamu iingie mahali pasipo hewa na ishikwe na mfinyanzi. Mbolea ya kukuzia itiwe maji yakiwa yamepunguzwa hadi kubaki utando tu, kisha milango ya jaruba ifungwe kwa siku kadhaa. Nchini Bangladesh wakulima wengi wametumia vidonge vikubwa vya yurea ambavyo hudidimizwa kwa mkono katika tope, kina cha sentimita 7 hadi 10, katikati ya mashina manne. Ni kazi ya kuinama kutwa, na haipendwi. Lakini katika udongo wa mfinyanzi hupunguza upotevu kwa kiasi kikubwa. Katika udongo wa kichanga manufaa yake hupungua, kwa sababu chini ya kidonge hakuna kinachokizuia kuendelea kushuka.

Hapa inafaa tuseme neno juu ya kilimo shadidi cha mpunga, ambacho kilianza kujaribiwa Mwea mwaka 2009 kwa juhudi za watafiti, akiwemo Profesa Bancy Mati wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Katika kilimo hiki jaruba hulowekwa na kuachwa likauke kwa zamu. Maji huokolewa, na mizizi hupata hewa. Hata hivyo, udongo mweusi una ukali wake. Ukiachwa kupita kiasi hupasuka zile nyufa tuzijuazo Kayole, na maji yanaporejeshwa huzifuata nyufa hadi chini, yakibeba kilichoyeyuka. Isitoshe, naitreti iliyojitengeneza wakati wa ukavu hupotea mara tu maji yanaporudi. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga iliyoko Ufilipino hupendekeza bomba lenye matundu lizikwe shambani, na maji yarudishwe yakishashuka sentimita 15 chini ya uso wa ardhi. Mwenye udongo mweusi anafaa kulichungulia bomba hilo mara nyingi kuliko jirani yake.

Mwinuko wa vidole viwili

Tunaposikia neno mwinuko twafikiria milima. Katika jaruba, mwinuko unaohusika hupimwa kwa vidole. Sehemu iliyoinuka sentimita 5 tu kuliko zingine huachwa wazi na maji. Magugu huota hapo, hewa huingia, naitreti hujitengeneza, na maji yakiongezwa hupotea. Sehemu iliyobonyea nayo hukusanya maji mengi pamoja na mbolea iliyoyeyuka. Hapo mpunga hunawiri kwa kijani kizito, hurefuka, kisha hulala kabla ya kuvunwa. Mkulima aliyetia kipimo kimoja sawasawa ekari nzima ametia, kwa hakika, vipimo viwili au vitatu. Kusawazisha jaruba ni sehemu ya kutia mbolea, ijapokuwa hakuna duka liuzalo usawa.

Kuna mwinuko mwingine, nao una ujirani ndani yake. Maji ya Mwea hutoka katika mito ya Nyamindi na Thiba, hupita katika mifereji, na mahali pengine huingia jaruba moja kupitia jingine. Akitia mbolea aliye juu leo, na kesho akafungua maji, sehemu ya fedha yake itateremka hadi kwa aliye chini. Aliye chini hapati faraja kamili, kwa sababu hajui amepokea kiasi gani, na yeye pia hutia kipimo chake kamili. Tena aliye mwisho wa mfereji ndiye ambaye kwa miaka mingi alipata maji kwa kuchelewa, na mbolea iliyokaa juu ya udongo mkavu ikingoja maji haifanyi kazi ipasavyo. Bwawa la Thiba, lililozinduliwa mwaka 2022, limekusudiwa kupunguza uhaba huo. Lakini bwawa haliwezi kusawazisha jaruba wala kuwafanya majirani wapatane siku ya kutia mbolea.

Jambo hili lina historia. Mradi wa Mwea ulianzishwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na kazi ya mwanzo ilifanywa na mahabusu. Kila mpangaji aligawiwa ekari 4. Baadaye Bodi ya Kitaifa ya Unyunyizaji ndiyo iliyotoa pembejeo na kukata gharama yake katika malipo ya mpunga. Mnamo 1998 wakulima waliuasi utaratibu huo, na uasi ukagharimu maisha ya watu mapema mwaka 1999. Tangu wakati huo uamuzi wa mbolea gani itiwe, lini, na kiasi gani umekuwa mikononi mwa mkulima mwenyewe. Alipigania haki ya kuamua. Maarifa ya kuamulia hayakuja pamoja na haki hiyo.

Nje ya Mwea picha hubadilika. Uwanda wa Kano, ambako mradi wa Ahero uko, nao ni wa mfinyanzi mweusi, lakini mafuriko ya mto Nyando huweza kuifagia mbolea ya msimu mzima. Katika delta ya mto Tana, Wapokomo wamelima mpunga kwa kufuata kujaa na kupwa kwa mto, na tope liletwalo na mafuriko ndilo limekuwa mbolea yao. Juu ya miteremko, ambako mpunga wa mlimani kama ule wa NERICA hupandwa bila jaruba, kanuni nyingi tulizozitaja hugeuka. Huko hakuna tope lisilo hewa, hivyo naitreti si adui. Adui ni mmomonyoko, na mbolea iliyorushwa juu ya mteremko bila kufukiwa husafiri bondeni na mvua ya kwanza. Bondeni nako, maji yanayochuruzika kutoka miteremkoni huweza kuleta chuma kingi kilichoyeyuka, kinachoonekana kama utando mwekundu juu ya maji. Mizizi ikijeruhiwa na chuma, mbolea huwa chakula mbele ya mtu asiyeweza kumeza.

Ziada nayo ni hasara

Mpunga wa Basmati 370, ambao ndio pishori yetu, ni mrefu na shina lake ni jembamba. Ukipewa naitrojeni nyingi hulala. Aidha, majani laini yaliyonenepa kwa naitrojeni huwa rahisi kushambuliwa na kuvu ya ugonjwa wa ukungu wa mpunga, ambao umewahi kuwapiga vibaya wakulima wa Mwea. Kwa hivyo mwenye udongo mweusi unaoshika vizuri, akitia kipimo kilichopangiwa udongo unaovuja, huenda akavuna kidogo kuliko ambaye hakuongeza kitu. Mpunga uliolala majini hutoa mchele wa madoa na chenga nyingi, na bei yake hushuka. Akina mama wauzao mchele kwa kilo huku Eastlands huutambua kwa kuusugua kiganjani.

Mwaka 2024 nchi ilitikiswa na habari za mbolea duni iliyouziwa wakulima. Hasira ya wakati huo ilikuwa ya haki. Hata hivyo, tangu hapo umezuka mtindo wa kuitilia shaka mbolea kila mavuno yanapopungua, na hili laweza kumfanya mkulima abadilishe duka kila msimu huku akiendelea kurusha yurea safi juu ya maji ya saa sita mchana.

Vitenzi vya mbolea

Turudi katika uwanja wetu. Kiswahili sanifu husema kutia mbolea. Mazungumzoni husikika pia kurusha, kunyunyiza na kumwaga. Vitenzi hivi havilingani. Kutia hudokeza kuwa kitu kimeingia ndani ya kingine. Kurusha hakudokezi kitakapoangukia. Kumwaga ndicho kitenzi tukitumiacho pia kwa maji machafu tunayotaka yatutoke. Anayesema "nimemwaga mifuko miwili" pengine ametamka ukweli kuliko alivyokusudia. Tuna pia kufukia na kudidimiza, vitenzi vinavyotaja mahali na kina, na ambavyo twapendekeza vitumiwe katika vijitabu vya wakulima kila inapowezekana. Kadhalika, badala ya "ardhi imechoka", msemo unaofunga mazungumzo, mtu aweza kuuliza: udongo huu unashika au unaachilia? Hapo mkulima huanza kueleza, maana hilo analijua.

Njia ya kulijua kwa hakika si ngumu. Katika kona ya jaruba, mkulima hutenga kipande kidogo kwa tuta, akakinyima mbolea ya naitrojeni lakini akakipa maji, palizi na vingine vyote sawa na sehemu nyingine. Tuta hilo lisivuje, la sivyo mbolea ya jirani itaingia na kipimo kitaharibika. Kipande hiki twaweza kukiita kipande linganishi. Wakati wa mavuno hupima mpunga wa kipande hicho na wa eneo la ukubwa ule ule lililotiwa mbolea. Kwa mfano, ikiwa hesabu ya ekari nzima inaonyesha kuwa mfuko mmoja wa yurea, wenye kilo 23 za naitrojeni, umeongeza kilo 230 za mpunga, basi kila kilo ya naitrojeni imeleta kilo 10. Ikiwa umeongeza kilo 60 tu, asikimbilie mfuko wa pili. Achimbe kwanza tope kwa mkono, atazame maji yanapotokea na yanapokwenda, na aulize jirani wa juu alifungua mlango siku gani.